Jiwe Chini ya Kiti

Jioni hiyo nilitumwa mafuta ya taa.

Mimi ni mtu mzima. Nina mvi, nina kitambi, na nina goti linalotabiri mvua vizuri kuliko redio. Nimepika kwenye meli za mizigo zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimeugua tumbo katika bandari ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka. Lakini nikirudi kwa Mama, cheo changu ni kilekile: nakabidhiwa kidumu, naambiwa, "Wahi dukani kabla giza halijaingia, na usizubae njiani." Nami nawahi. Yaani, natembea huku nikihema kama mtu anayekimbia.

Duka liko kilimani. Nyumba ya Mama iko bondeni, kwa sababu marehemu Baba alipenda udongo wa bondeni, ule unaootesha hata fimbo ukiichomeka.

Masika yalikuwa yametuchosha. Mvua yenyewe haikuwa kali, na hilo ndilo lililochosha zaidi. Mvua kali hukasirika, ikapiga mabati, ikaisha. Hii ilinyesha kama mtu anayelalamika peke yake jikoni, mchana kutwa, usiku kucha, kwa sauti ileile. Nguo hazikauki. Kuni hazishiki moto. Mwili nao unalowa mpaka ndani ya mifupa, unabaki kusubiri tu yaishe.

Asubuhi mto ulikuwa nyuma ya shamba la mahindi, mahali pake pa siku zote. Niliporudi na kidumu begani, niliukuta barabarani.

Nikakunja suruali, kwa matumaini. Maji yakaupita mkunjo. Yalikuwa baridi, na yalinuka matope ya chini kabisa, yale ambayo jua halijawahi kuyaona.

Chubwi. Chubwi. Hatua zangu.

Chubwi... chubwi...

Nikasimama kupumzisha bega.

Chubwi.

Hatua moja zaidi, nyuma yangu. Kisha nayo ikasimama.

Niligeuka. Maji matupu, na giza limeanza kuteremka juu ya mahindi.

"Mwangwi," nikajiambia. Mwangwi wa nini, mahali pasipo na ukuta wala mlima karibu, sijui. Lakini mtu aliyechoka hupokea maelezo yoyote anayopewa, hasa akijipa mwenyewe.

Nyumbani nilisukuma mlango tu nikaingia. Dada yangu mdogo akaruka, karibu anitupie kuku aliyekuwa amemkumbatia.

"Kohoa basi kama Baba! Umenishtua!"

Huyu dada tunamwita Kiberiti, na ukimuudhi utajua kwa nini. Alirudi kuishi na Mama baada ya kufiwa na mumewe. Na hilo la kukohoa lilikuwa la kweli: Baba hakuwa mtu wa kugonga mlango wake mwenyewe. Alikohoa. Kikohozi kimoja kifupi, kizito, pale kizingitini, na nyumba nzima ilijua kwamba mwenyewe amefika, kila mtu afiche ujinga wake.

"Haya, Bandari," Kiberiti akasema. Ndilo jina langu hapo nyumbani. "Hayo mafuta ulikwenda kuyachimba?"

"Yalikuwa yananisubiri nizeeke kwanza."

"Basi hayakusubiri sana. Mshike huyu, niwafuate wenzake kabla hawajajifunza kuogelea."

"Mama yuko wapi?"

"Nimempa dawa ya maumivu, amelala. Na kabla hujauliza, nimemwomba tena. Amekataa tena."

Hili ndilo lililokuwa limetukalia rohoni. Majirani wote wa bondeni walikuwa wamekwishahamia shule ya kilimani. Mama hakuweza kutembea vizuri, nyonga ilimsumbua, na tulitaka tumpandishe mapema wakati bado kuna njia. Kila tulipomwambia, alijibu vilevile: "Siwezi kuiacha nyumba tupu wakati wa masika." Tulimwona mbishi tu. Uzee. Sasa njia haikuwepo tena, na kama maji yangepanda usiku huo, sisi wawili wachovu ndio tungekuwa mashua yake.

Tukaanza kuinua vitu. Kitanda cha Mama, yeye mwenyewe akiwa amelala juu yake, tulikipandisha juu ya matofali, mguu baada ya mguu, bila kumwamsha. Magunia ya mahindi yakaenda darini. Sufuria, nguo, redio, picha ya Baba. Uchovu wa mafuriko una ukatili wake: hubebi vitu ili uvipeleke popote. Unavibeba ili vibaki vyako.

Kiberiti akatoka tena kuwafuata kuku. Mimi nikabaki sebuleni na kitu cha mwisho.

Kiti cha Baba.

Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, mikono yenyewe imeng'aa kwa kushikwa. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, kitandani mwake, kwa ugonjwa wa kawaida, akazikwa kilimani ambako maji hayafiki. Tangu hapo Mama hakutaka kiti kiguswe. Masika au kiangazi, kilikaa palepale, kikitazama mlango. Miguu yake ilikuwa na alama za matope ya mafuriko ya zamani, moja juu ya nyingine. Katika mafuriko hayo yote mimi nilikuwa baharini. Naye Kiberiti alikuwa kwa mumewe, na tangu arudi maji hayakuwa yamewahi kuingia ndani.

Nikakitazama, moyo ukalainika. Maskini Mama, nikawaza, hana nguvu za kukiinua na anaona haya kuomba.

Nikainama kukibeba. Hakikubebeka. Chini yake, kwa waya mnene, palikuwa pamefungwa jiwe la kusagia.

Nikacheka peke yangu. Wazee wana mahali pao pa kuwekea vitu. Nikafungua waya, nikaliweka jiwe pembeni, nikakipandisha kiti mpaka kwenye boriti ya paa na kukifunga kwa kamba. Hapo sasa nilijionyesha. Mpishi wa meli hufundishwa fundo na mabaharia wasio na kazi, naye hutafuta nafasi ya kujigamba maisha yake yote. Nilikifunga kiti kile kama kinavuka bahari. Nikazunguka kukitazama. Nikajipongeza.

Maji yaliingia muda si mrefu baadaye. Hayakuvunja kitu. Yalipita chini ya mlango taratibu, kama ulimi.

Hata saa ya kulala ilikuwa haijafika. Tulikuwa watatu juu ya kitanda: Mama ukutani, Kiberiti katikati, mimi miguuni kama paka. Kandili ilining'inia kwenye msumari. Maji yalikuwa yamefika usawa wa magoti na kusimama hapo. Sebuleni kibakuli kilichosahauliwa kilikuwa kikielea na kugonga ukuta.

Ko... ko... ko...

"Kinaniudhi hicho," Kiberiti akasema.

"Nenda kakikamate."

"Wewe ndiye uliyezoea maji."

"Nilizoea kuwa juu yake. Kwa mshahara."

Ko... ko...

Kikanyamaza.

Tukasikia mlango wa mbele ukisukumwa. Ulikuwa na komeo, nililifunga mwenyewe. Komeo halikulia. Mlango tu ndio ulioburuta maji, shwaaa, ukaacha kuburuta.

Chubwi.

Kiberiti akanishika kifundo cha mguu.

Chubwi... chubwi...

Hatua za mtu asiye na haraka. Za mtu anayeijua nyumba. Zilikwenda moja kwa moja mpaka pale mahali pa kiti, zikasimama.

Kimya.

Kisha zikazunguka. Polepole. Zikapazunguka mahali pale mara nyingine, na nyingine tena, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta kitu alichokiacha hapohapo. Harufu ikaingia chumbani, ile ya matope ambayo jua halijawahi kuyaona.

"Ni Baba," nikanong'ona. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka awe Baba.

Mama akafumbua macho. Hakushangaa. Alisikiliza kidogo, na uso wake ukabadilika.

"Kiti kiko wapi?"

"Nimekifunga juu, Mama. Kisilowe."

"Umekifunga..."

"Kwenye boriti."

"Ee Mola wangu," akanong'ona. "Sasa atakaa wapi?"

Hatua zikaacha kuzunguka.

Zikaanza kuja chumbani.

Hakuna aliyeingia. Nilikuwa nautazama mlango wa chumba kwa macho yangu mawili haya, na nasema hakuna aliyeingia. Maji ndiyo yaliyofunguka njia, yakajifunga, yakafunguka tena, mpaka ubavuni mwa kitanda, upande wa kichwani, alipolala Mama. Palikuwa na nafasi ya shibiri kati ya kitanda na ukuta. Mtu mzima hapiti hapo.

Mwali wa kandili ukashuka, ukawa wa bluu.

Godoro likabonyea.

Likabonyea pale kando ya mkono wa Mama, taratibu, kwa uzito, na maji yakaanza kusambaa kwenye shuka. Mama akatetemeka kwa baridi. Nikaona shuka likivutika kuelekea huko, na Mama akivutika nalo.

"Subiri kidogo, mgeni," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ya mwenye nyumba aliyechelewesha kiti tu. "Kinakuja. Kiti kinakuja." Kisha kwangu, kupitia meno: "Kishushe. Sasa hivi."

Nikaruka majini.

Sebuleni palikuwa giza tupu. Nikaipata boriti kwa kupapasa, nikaipata kamba, nikalipata fundo langu.

Halikufunguka.

Kamba ilikuwa imelowa na kuvimba. Nilivuta, niliuma kwa meno, nilivunja kucha. Fundo zuri. Fundo la kuvukia bahari. Mle chumbani Kiberiti alikuwa anaita kwa sauti ya chini, mfululizo, "Kaka... kaka... anateleza, siwezi kumshika... kaka..."

Kisu. Mpishi hata astaafu hasafiri bila kisu chake. Mkoba wangu ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikauangusha, nikatafuta kwa vidole, nikajikata, nikashukuru kujikata kwa sababu nilijua nimekipata. Nikaikata kamba.

Kiti kikaanguka majini kwa kishindo.

Kikaelea.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya jiwe. Na jiwe lilikuwa mahali fulani chini ya maji, nilikoliweka mwenyewe huku nikicheka. Hapakuwa na muda wa kulitafuta. Nikakisukuma kiti mpaka mahali pake, nikashika mikono yake miwili, nikakigandamiza kwa uzito wangu wote, kitambi na vyote, mpaka miguu ikagusa sakafu.

"Tayari!" nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Karibu... kiti hiki hapa. Karibu ukae."

Kimya.

Chubwi.

Chubwi... chubwi...

Nilifumba macho. Ingawa ilikuwa giza, niliyafumba. Baridi ikaja mbele yangu, ikasimama, ikageuka. Maji yakasogea magotini mwangu. Mbao zikalia, zile mbao ninazozijua tangu utotoni, mlio wa mtu anayekaa baada ya kutwa nzima.

Sikuhitaji tena kukigandamiza kiti. Kilikuwa kizito.

Na juu ya mikono yangu, pale nilipokuwa bado nimeishikilia mikono ya kiti, ikatua mikono.

Sikumbuki nilivyorudi kitandani. Kiberiti anasema nilirudi nikitembea kinyumenyume, nikiomba radhi.

Mama alikuwa hai. Midomo ilikuwa myeusi kwa baridi. Tulimsugua, tukamvika nguo zote zilizokuwa kavu, tukalala tumemzunguka. Kutoka sebuleni mbao zililia mara mojamoja, kama mtu anayebadilisha ubavu.

"Mama," nikanong'ona, "kwa nini Baba anakuja hivi?"

Mama akanitazama kama zamani nilipoleta matokeo ya hesabu.

"Baba yako alikohoa kila alipoingia mlango huu. Huyo umemsikia akikohoa?"

Kiberiti akajisogeza karibu zaidi na Mama.

"Baba yako amelala kilimani, ametulia. Huyo simjui. Alikuja mafuriko ya mwaka ule wewe ulipoanza kusafiri. Jioni kama hii. Mtu amelowa, hasemi, hali, amesimama tu hapo mlangoni. Baba yenu mnamjua, hakuweza kumwona mtu amesimama. Akainuka, akampa kiti chake. Yule mtu akakaa mpaka maji yakaondoka. Asubuhi hayupo, na mlango una komeo. Mwaka uliofuata maji yakaja. Naye akaja. Ila safari hiyo hakuonekana."

"Sasa anataka nini?" Kiberiti akauliza.

"Kukaa. Baba yenu alisema, kama ni kukaa tu, tumwache akae. Akafunga jiwe."

"Lakini ni nani? Ni jini? Ametumwa?"

"Wapo waliosema ametumwa," Mama akajibu, akifumba macho. Alikuwa amechoka, uchovu wa miaka, si wa siku hiyo. "Kama ametumwa, basi aliyemtuma alimsahau. Ndiyo maana siondoki. Akija akakuta hakuna kiti wala mtu, atatutafuta. Na sasa..." Akagusa shuka lililolowa kando yake. "Sasa amekwishajua kwamba kuna kitanda."

Maji yalitoka alfajiri, kama yalivyoingia. Yaliacha matope kila mahali, laini, rangi moja, kama nyumba nzima imepakwa kwa mkono. Kiti kilikuwa pale, kinatazama mlango. Kilipakwa matope miguu na mikono yote. Isipokuwa mahali pa kukalia. Hapo palikuwa safi. Safi kama pamefutwa kwa kitambaa.

Nililitafuta jiwe, nikalifunga tena mahali pake. Kwa fundo langu.

Sikurudi mjini, nilikohamia nilipostaafu. Watu wananiuliza, wewe uliyeona dunia, unafanya nini huko bondeni? Nawaambia nafuga kuku. Ukweli ni kwamba tulijaribu tena kumhamisha Mama, akakataa tena, na safari hii hakuna aliyemwita mbishi. Kwa hiyo nilibaki. Na kwa sababu sote watatu tulikuwa tunashtuka kila mlango unaposogea, nilianza kufanya kama Baba. Nikifika kizingitini, nakohoa. Kimoja, kifupi, kizito. Kiberiti alinicheka mwanzoni. "Sasa umekuwa mzee rasmi," alisema. Lakini nilimwona anavyotulia kila akikisikia. Mama pia. Zamani ile ilimrudia usoni. Kwa mwaka mzima, kila siku, kila nilipoingia, nilikohoa. Nilijivunia wazo hilo kama nilivyojivunia lile fundo.

Mwaka huo Mama alianza kuchanganya mambo. Si sana. Anaweka chumvi kwenye chai. Ananiita kwa jina la mjomba wangu. Anauliza kama mbuzi wamerudi, na hatujawa na mbuzi tangu nikiwa shule.

Juzi maji yaliingia.

Tulikuwa tayari. Kiti mahali pake, jiwe chini yake. Kitanda juu ya matofali, sisi watatu juu ya kitanda, Mama safari hii akiwa upande wa nje, kwa sababu alilalamika kwamba ukutani kuna unyevu. Kandili inawaka. Mvua inalalamika juu ya mabati kwa sauti ileile.

Shwaaa. Mlango.

Chubwi... chubwi...

"Aje akae," Kiberiti akanong'ona. "Aje akae, aondoke, tulale."

Hatua zikasimama kizingitini.

Akakohoa.

Kimoja. Kifupi. Kizito.

Kiberiti akanigeukia. Nadhani alikuwa anaitazama midomo yangu, ahakikishe imefungwa. Ilikuwa imefungwa.

Mama akafumbua macho. Uso wake ukakunjuka, akawa msichana.

"Umechelewa leo, baba watoto," akasema.

Chubwi... chubwi... Hatua zikafika kwenye kiti. Zikapita.

Hazikusimama hata kidogo.

"Mama, huyo siye. Mama, nisikilize. Ni mimi, mimi ndiye ninayekohoa hivyo, ni mimi niliyemfundi..."

Hakunisikia. Alikuwa anasogea. Kwa ile nyonga yake mbovu, polepole, akisukuma kwa kiwiko, alikuwa anasogea kuelekea kwetu ili kumpisha mtu nafasi kwenye ukingo wa kitanda.

Sikufikiri. Nilimruka, nikajitupa kwenye nafasi ile kabla haijajazwa, na kitambi changu, na nguo zangu kavu. Nikaijaza yote. Nikamkumbatia mama yangu, nikafumba macho, nikasubiri uzito.

Haukuja. Kandili ikatulia. Mvua tu.

Nikaanza kupumua.

Kisha nikamsikia Mama akisema kwa upole, kama mtu anayempokea mumewe kutoka shambani:

"Mbona umelowa hivi?"

Nikafumbua macho. Mkono wake ulikuwa umeinuka, unapangusa shavu.

Haukuwa umenifikia. Ulikuwa unapangusa hewani, kati ya uso wake na wangu, na matone yalikuwa yakichuruzika kwenye vidole vyake.